Sisimizi Asikimbie

Shuleni,
2 Machi

Kwa Mama Sisimizi,

Salamu. Mimi ni mwalimu wa michezo wa binti yako. Samahani kwa kutumia jina la utani. Yeye mwenyewe alituambia ndilo jina lake, na sasa hata mwalimu mkuu anamwita hivyo.

Kila kipindi cha michezo binti yako anakaa kwenye benchi. Mwanzoni alisema tumbo linamuuma. Kisha ikawa mguu. Wiki iliyopita nilimuuliza taratibu, akasema, "Mama hataki nikimbie," halafu akaniomba nisikuambie kwamba amesema. Sasa nimekuambia, kwa hiyo tafadhali usimgombeze. Simwoni kama mgonjwa. Akikaa pale, miguu yake haitulii, inacheza yenyewe chini ya benchi.

Kama kuna ugonjwa, naomba unijulishe. Kama ni suala la nguo za michezo, hilo halishindikani.

Pia nakukaribisha Jumamosi asubuhi. Tumeanza mazoezi ya familia hapa uwanjani, hasa kwa familia zilizohamia kutoka mbali. Wengi wanaishi ghorofani kwenye vyumba vidogo, watoto hawana pa kuruka, na wazazi wanarudi kazini wamechoka. Hakuna kushindana wala kiingilio. Mnakuja mlivyo.

Wako,
Mwalimu wa michezo


Nyumbani,
6 Machi

Mwalimu,

Asante kwa barua. Sikumgombeza. Nilimtazama tu, akajua.

Si ugonjwa wala si nguo. Mimi ni fundi cherehani, kutwa nafupisha suruali za watu kwenye duka la dobi, nguo ya michezo nisingeshindwa kushona. Nitakueleza ilivyo, kwa sababu umeniandikia kwa upole.

Baba yake alikuwa fundi rangi. Kila Jumapili alicheza mpira na wenzake wa kazi, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala la mbao. Nilikuwa nakwenda naye, nakaa kwenye nyasi na kazi yangu ya mkono. Jumapili moja mwaka jana alikuja nilipokaa akaomba maji. Nikampa. Akanywa, akasema, "Leo nimewapeleka puta hawa," akacheka, akarudi kucheza. Hakufika katikati ya kiwanja. Hakugongana na mtu. Alikaa chini kwanza, kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu, kisha akalala. Wenzake walidhani ni mzaha. Mmoja alimwambia, "Inuka bwana, acha kupoteza muda." Na mimi nilidhani ni mzaha. Alikuwa mtu wa mizaha.

Hospitali walisema ni moyo.

Pale zahanati kwetu kuna picha ukutani, mtu anakimbia anatabasamu, chini yake wameandika kwamba moyo unapenda mazoezi. Kila nikienda naisoma. Moyo wake yeye haukupenda? Au ulipenda mno? Nimejaribu kuelewa nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba alikuwa anakimbia, na sasa hayupo.

Kuna jambo lingine. Mtoto hajui. Siku ile alikuwa kwenye bembea na wenzake, upande wa pili. Tulimwambia baba alizidiwa akiwa kazini. Hata mama wa marehemu, huko nyumbani, ndivyo anavyojua. Rafiki wa mume wangu, tunamwita Kipara, ndiye aliyepiga simu. Kabla ya kupiga aliniambia, "Shemeji, mtu ameaga kwao anakwenda kutafuta maisha, leo tuwaambie amefia mpirani? Watasema alikuja kucheza." Sikuwa na nguvu za kubishana. Ikawa hivyo.

Basi naomba aketi tu, Mwalimu. Mpe kazi ya kushika filimbi, au akusanye mipira ikishatulia. Na hiyo Jumamosi, asante, nina kazi.

Mama Sisimizi


Nyumbani,
9 Machi

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo, Mama. Sisi hatujambo. Nimeona bora niandike, maana kwenye simu mimi na wewe tunaulizana hali mpaka inakatika na hatujasema neno.

Mjukuu wako anarefuka. Nikishusha upindo wa sketi yake, haumalizi muda naushusha tena. Mwalimu wake wa michezo ananiita Jumamosi nikacheze. Mimi, Mama! Niliisoma barua mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Anasema familia zilizohamia hapa hazifanyi mazoezi. Nimewaza nisielewe. Sisi tulikuja kufanya kazi. Nabeba mizigo ya nguo ngazi hadi ngazi, nashinda nimeinama juu ya cherehani, jioni mgongo unawaka moto, halafu mtu aniambie nikarukeruke uwanjani. Mwenzangu dukani, mpiga pasi, alicheka nusura aunguze kola ya mteja. Akasema, "Waambie waje hapa wanyooshe mashuka, tuone nani hana mazoezi."

Lakini ni kweli mtoto amepooza. Ndani tunatembea kwa vidole, maana jirani wa chini husukuma dari kwa mpini wa ufagio akisikia kishindo. Marehemu akigongewa hivyo alikuwa anavua viatu anacheza muziki kwa soksi, kimya kabisa, uso umekaza kama mtu anayehutubia. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anaanguka, kisha tunagongewa kwa sababu ya kicheko. Sasa jirani hatugongei tena. Juzi nilikutana naye kwenye ngazi akaniuliza kama tumehama.

Nina swali dogo, Mama. Baba yake alipokuwa mtoto, aliwahi kuugua? Kifua, kwa mfano, au kuzimia akicheza? Na upande wenu kuna mwingine aliyekuwa hivyo? Nauliza tu.

Kofia yake ya kazi bado iko msumarini. Ina matone ya rangi ya maji ya bahari. Niliiloweka ili niifue, nikaitoa haraka kabla rangi haijalainika.

Mkweo,
Mama Sisimizi


Nyumbani,
30 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe, miwani nimeifunga kwa uzi.

Kwanza niache nicheke. Huko watoto wanafundishwa kukimbia? Na kupiga chafya nako kuna mwalimu wake? Sisi kazi yetu ilikuwa kuwakamata wakae chini wale. Huyo mumeo nilikuwa namtuma chumvi, naona karudi, namuuliza mbona hujaenda, kumbe chumvi iko mkononi.

Sasa hilo swali lako dogo. Si dogo. Nililisoma nikaiweka barua chini, nikaenda kufagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia. Unaniuliza kama mwanangu alikuwa mzima? Baada ya miaka yote hii, na yeye ameshalala? Mkwe wangu, mimi nilikupa mwanamume mzima. Hakuna aliyewahi kuja hapa kwangu kusema kitindamimba wako ni goigoi. Kama kuna watu huko wanakutia maneno kwamba tulikuficha ugonjwa ukaolewa na maiti inayotembea, waambie mama yake amejibu: hakuumwa hata mafua ya kumlaza kitandani. Kazi ndiyo iliyomuua. Ngazi ndefu, na bosi asiyejali. Kila nikifumba macho naiona hiyo ngazi.

Mtoto akimbie. Ana damu ya baba yake, unamfunga miguu kwa nini? Huzuni ni yako na ni yangu, tubebe sisi. Usimvishe mtoto nguo ya mtu mzima, wewe fundi unajua inavyoburura.

Nimekuwa mkali, najua. Nikisoma tena barua hii nitaichana, kwa hiyo naifunga sasa hivi. Nisalimie mke mwenzangu. Mwambie asijipambe sana kwa ajili ya babu yake, mume mwenyewe alishatangulia, hatuna cha kugombania.

Mama yenu


Shuleni,
12 Aprili

Kwa Mama Sisimizi,

Pole sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Nilikuwa na maneno tayari, yale tunayofundishwa kuwaambia wazazi: mazoezi yanasaidia usingizi, yanasaidia masomo, yanasaidia moyo. Bado nayaamini. Lakini siwezi kukutumia hayo kwenye bahasha baada ya ulichoniambia.

Naomba jambo moja tu, na halihusu michezo. Mtoto wa mtu aliyefariki hivyo anatakiwa kupimwa moyo, akimbie asikimbie. Hata kama ataketi kwenye benchi maisha yake yote, apimwe. Muuguzi wa shule yuko tayari kukupangia siku na daktari. Huko watakuuliza habari za ukoo wa baba yake, kwa hiyo ulizia kwanza.

Mpaka hapo simlazimishi binti yako chochote. Nimempa filimbi. Anaipuliza kuliko inavyohitajika.

Na Jumamosi usije kufanya mazoezi. Njoo uketi. Utamkuta dereva mmoja wa lori ambaye tangu tuanze hajainuka kwenye benchi. Anashangilia kila mtu, hata wanaoanguka.

Mwalimu wa michezo


Nyumbani,
5 Mei

Mama,

Shikamoo. Kwanza nisamehe. Hakuna mtu aliyenitia maneno. Ulinipa mwanamume mzima nami nilimpenda hivyo hivyo, hata alipokuwa anakoroma.

Nimempeleka mtoto kwa daktari. Walimbandika nyaya kifuani, akalala ametulia kama anayepigwa picha. Daktari akaangalia mistari kwenye karatasi, akasema haoni tatizo. Kisha akaniuliza, katika ukoo wa baba yake kuna aliyewahi kuzimia, au aliyekufa ghafla akiwa kijana? Nikajibu kama ulivyoniandikia: hakuna. Akasema vizuri, mtoto yuko huru, akimbie. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali, mtoto ananivuta mkono twende. Nilipaswa kufurahi. Lakini lile jibu halikuwa langu, na wewe uliponijibu hukujua kwa nini nauliza. Tulikuwa tunadanganyana kwa heshima, Mama, mimi na wewe na daktari yule katikati hajui.

Hakukuwa na ngazi. Ilikuwa Jumapili na alikuwa anacheza mpira. Alikuja kwangu kuomba maji, akanywa, akajisifu kidogo kama kawaida yake, akarudi mchezoni, akaanguka. Wanasema ni moyo. Kipara alikuambia kazini ili watu wasiseme kwamba aliacha mama yake akaja huku kucheza. Alitaka kumtunzia jina. Na mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa utauliza, mkewe alikuwa wapi? Nilikuwa pale pale. Chupa ya maji ilikuwa bado mkononi mwangu.

Ndiyo maana nikamkataza mtoto kukimbia. Ndiyo maana nilikuuliza lile swali. Sasa nakuuliza tena, na safari hii unajua kwa nini. Aliwahi kuzimia?

Jumamosi iliyopita nilikwenda shuleni. Sijui nilikwenda kufanya nini. Niliketi kwenye benchi na dereva mmoja wa lori. Uwanja umejaa watu wazima, Mama, akina bibi wenye umri wako wanarushiana mpira wa kitambaa na wakiukosa wanalaumiana. Baba mmoja anaruka kamba na suti. Yule dereva akaniuliza, "Wewe dada unamshangilia nani?" Nikasema, "Sishangilii, nalinda." Akasema, "Basi wewe linda mimi nishangilie, tugawane kazi." Sisimizi alikaa katikati yetu na filimbi yake. Sikumwambia nenda. Sikumwambia usiende. Alikuwa ananitazama kila mara, na mimi nikawa natazama viatu vyangu.

Mkweo


Nyumbani,
27 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliifungua nimesimama mlangoni. Nikakaa palepale kizingitini, waliokuwa wanapita wakanisalimu nisiitikie.

Kwa hiyo hakukuwa na ngazi. Mwaka mzima naiona. Nilishajua mpaka ngazi yenyewe ilivyo, ya chuma, mguu mmoja umelegea. Nilimwona mwanangu juu kule peke yake, hakuna wa kumdaka. Kumbe alikuwa na wenzake. Kumbe alikuwa anajisifu, na maji alikunywa mkononi mwako. Niache nifurahi kidogo. Halafu itabidi nilie upya, maana kile kilio cha kwanza ni kama nilimlilia mtu mwingine.

Mwambie Kipara simlaumu. Ni kweli watu wangesema. Na mimi, kama angekuwa mtoto wa jirani, ningesema nao.

Sasa jibu lako. Alizimia. Alikuwa mdogo kama mjukuu wangu alivyo sasa. Walishindana mbio kutoka kisimani, wenzake wakaniletea wamembeba, midomo imekuwa kama majivu. Nikammwagia maji, akafumbua macho, akaomba uji. Watu wakasema njaa hiyo. Niliona haya, mtoto wangu aonekane halishwi, basi nikawaambia hapa nyumbani habari hiyo iishe. Ikaisha kweli, hata mimi ilinitoka, mpaka uliponiuliza. Ulipouliza nilikumbuka, nikakasirika badala ya kukujibu. Na kaka yangu, yule ambaye hukumkuta, alikufa kijana akilima. Tulisema ni jua. Njaa, jua, kazi. Kila mara tulikuwa na kitu cha kusema.

Sijui kama ni moyo. Mimi nauza mboga. Mwambie daktari yote, usimfiche hata ule uji.

Nilikuandikia mtoto akimbie. Sasa sijui nilifute lile neno au niliache. Nikimfikiria ameketi kama kikongwe roho inaniuma. Nikimfikiria anakimbia, wananijia wale watoto wamembeba baba yake. Nimeshika kalamu muda mrefu hapa nikitafuta ushauri wa kukupa, chai imepoa. Sikiliza daktari atasema nini. Akisema vibaya, nenda kwa mwingine.

Mama yako


Nyumbani,
21 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilirudi kwa daktari nikamweleza yote, kisima na jembe na uji. Nilitegemea anikaripie. Aliacha tu kuandika, akanisogezea kiti, akasema tuanze upya.

Vipimo vimekuwa vingi. Walimfunga kifaa kifuani akakaa nacho nyumbani na kulala nacho. Wakamtembeza kwenye mashine ya mkanda, unatembea na hufiki popote, kisha wakaizidishia kasi. Mama, alikimbia. Ni mara ya kwanza namwona anakimbia tangu mwaka jana, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na nyaya zinaning'inia. Nilishika meza ya watu.

Daktari anasema leo moyo wake uko safi. Lakini kwa ajili ya baba yake na mjomba wa baba yake, atapimwa kila mwaka, kwa sababu kuna mambo huwa yanachelewa kuonekana. Akimbie, ila awepo mtu mzima anayejua, na akisikia kizunguzungu asimame hapohapo. Shuleni wana mashine ya kuushtua moyo uliosimama na mwalimu amefundishwa kuitumia. Nikamwambia, daktari, mimi sikusoma sana, niambie ndiyo au hapana. Akasema, "Mama, nimeshasema ndiyo. Sina ndiyo kubwa kuliko hiyo."

Nimerudi na jibu hilo na sijui niliweke wapi.

Nimemwambia mtoto kuhusu baba yake. Tulikuwa tunakunja nguo kitandani, nikaona nikisubiri sitasema. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Kisha akauliza kama mkate umebaki. Sikuelewa ameelewa nini. Alikula kipande, akaja kuendelea kukunja.

Jumamosi hii tutakwenda. Sijaamua kitu. Nimesema tu tutakwenda.

Mkweo


Nyumbani,
4 Julai

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi. Mama amesema niandike mwenyewe na hatasoma. Yuko jikoni anajifanya anatafuta kijiko.

Bibi, mimi nilijua zamani. Kwenye bembea ukipanda juu unaona kiwanja chote. Nilimwona baba amelala na Anko Kipara anamvua viatu. Mama aliposema ni kazini nilidhani yeye hakupenda iwe mpirani, basi na mimi nikasema kazini. Hata shuleni nilisema kazini.

Mwalimu alifikiri nakaa kwenye benchi kwa sababu nimekatazwa. Kweli nilikatazwa lakini ningeweza kukimbia mapumziko Mama asijue. Sikukimbia kwa sababu nikirudi na jasho Mama anashika kifua chake hapa, anapumua kwa mdomo. Nilidhani moyo wake ndio mbovu. Nilidhani Mama ameambukizwa na baba. Nikawa nakaa ili moyo wake usishtuke. Juzi nilimwambia, akaniuliza mara nyingi nirudie, kisha akasema anakwenda kufunga dirisha na dirisha lilikuwa limefungwa.

Jumamosi Mwalimu alisema tuzunguke uwanja, anayetaka atembee. Mama akakaa kwenye benchi. Nikamwangalia, akafanya kichwa hivi, sikujua ni ndiyo au nini. Nikaanza kutembea. Halafu miguu ikakimbia. Bibi, nilisahau jinsi upepo unavyoingia masikioni.

Kisha nikasikia mtu nyuma yangu. Ni Mama, anakuja na kandambili mkononi na mkoba unampiga mgongoni na ile tepu ya kupimia watu bado iko shingoni. Watu wakadhani anataka kunichapa. Dereva wa lori alisimama juu ya benchi akapiga kelele, "Mama, msamehe mtoto!" Watu wote wakacheka. Mama hakucheka, pumzi ya kucheka hakuwa nayo.

Nikamsubiri kwenye kona. Alifika akashika uzio, ameinama. Niliogopa sana, Bibi. Nikaweka sikio kifuani kwake. Moyo ulikuwa unapiga kwa fujo kama mtu amefungiwa chooni. Nikamuuliza, "Ndivyo unavyotakiwa?" Akasema, "Sijui. Wako je?" Akapiga magoti kwenye nyasi akaweka sikio lake kwangu. Tulikaa hivyo mpaka wale bibi wanaotembea wakatupita, na mmoja akasema poleni.

Mama akauliza, "Turudi au tumalize?"

Nikasema tumalize, lakini usinipite.

Akasema, "Mwanangu, hata nikitaka."

Tulimaliza, Bibi. Tulikuwa wa mwisho.

Mke mwenzio,
Sisimizi